Jiwe la kutafuna

Juzi nilikuwa mgahawani Kasulo nikingoja chai, wakaingia wanafunzi wawili wa chuo, binti na kijana, nyundo viunoni na matope mpaka magotini. Wanasoma jiolojia, na wiki nzima walikuwa wakigonga miamba ya Ngara. Wakampa mama mwenye mgahawa shikamoo, akaitikia, wakaketi meza ya jirani.

Binti akatoa kijiwe mfukoni, akakifuta kwa shati, akamega kipande kwa meno ya mbele na kukitafuna taratibu, macho yakitazama dari.

Mama akaweka birika chini. "Mwanangu, ina miezi mingapi?"

"Nini, mama?"

"Mimba. Mimi zangu zote nilikula udongo. Lakini mawe, hapana."

Binti akapaliwa na vumbi. Akaeleza kwamba ni kipimo tu: jiwe likikwaruza kwenye meno lina mchanga, likiteleza ni tope tupu. Mama akamsikiliza kwa huruma, kisha akamwongezea chapati. "Kula, mko wawili."

Kijana akashindwa kuvumilia. "Mama, haya ni masomo. Hata mimi naonja." Akalichukua jiwe, akang'ata, akatafuna mbele yetu sote.

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka nyundo, akatugeukia wateja. "Kumbe baba mtoto ni huyu. Hata mume wangu mimba ilimshika hivihivi."

Sijui chuoni kipimo hicho kina maksi ngapi. Ninachojua ni kwamba wote wawili walikubaliana jiwe ni tope tupu, na sisi wa mgahawani tunasubiri kadi ya harusi.