Kigango cha Babu Dukani Watamu

Nilipopata nafasi ya kusoma historia ya sanaa chuo kikuu Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nyumbani kwetu Tezo hakuna aliyejua anipongeze au anipe pole.

"Historia ya nini?" baba aliuliza.

"Ya sanaa, baba. Picha, vinyago, majumba ya kale."

"Hiyo ni kazi au ni matembezi?"

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akikuna nazi mlangoni. Alicheka mpaka akaiweka mbuzi kando. "Mwache mtoto. Atatuchorea mabango ya hoteli za Malindi. Simba mwenye miwani, anakunywa soda."

Watu wengi bado hudhani hivyo, kwa hiyo nieleze. Historia ya sanaa haikufundishi kuchora. Inakufundisha kutazama. Unawekewa kitu mbele yako, tuseme sanamu, na unaulizwa: kimetengenezwa kwa kitu gani, kwa zana gani, na nani, kwa ajili ya nani, na kimefikaje hapa kilipo? Hilo swali la mwisho lina somo lake zima. Kila kitu cha thamani kinatakiwa kiwe na mlolongo wa umiliki, yaani nani alikuwa nacho kwanza, akampa au akamwuzia nani, mpaka leo. Niliupenda mno mtindo huu wa kuuliza. Nilijiona kama mtu aliyekuwa akiona nusu ya dunia, sasa amefunguliwa dirisha la pili.

Siku moja, mwaka wa pili, mhadhiri wetu alizima taa akaanza kutuonyesha slaidi za sanaa ya Afrika. Juu ya ukuta kikatokea kigango. Kwa wasiokijua, kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa mfano wa mtu, kichwa cha duara na kiwiliwili bapa kilichojaa pembetatu ndogondogo. Wagiriama humsimamishia mzee aliyekuwa mwanachama wa gohu, chama cha wazee wenye heshima, baada ya kufa kwake, hasa anapowatokea watu wake ndotoni na kulalamika kwamba anaona baridi, amesahauliwa. Nguzo ile si ukumbusho wake tu. Ni yeye.

Chini ya picha kulikuwa na maandishi: Pwani ya Afrika Mashariki. Mchongaji hajulikani.

Nikainua mkono. "Anajulikana."

"Na nani?"

"Na watu wake. Kwetu kipo cha babu yangu, na aliyekichonga yu hai. Ananiita mke wake, kwa utani."

Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Alikuwa mtu mpole, na alinitazama kwa hamu ya kweli. "Basi hiyo ndiyo tasnifu yako ya mwaka wa mwisho," alisema. "Nenda ukakipime, ukichore, umhoji mchongaji. Kitu kimoja, lakini kijulikane chote."

Sikupata usingizi mzuri kwa furaha. Niliona kwamba babu yangu ataingia chuo kikuu akiwa na jina.

Likizo ndefu ilipofika, shangazi alinipeleka kwenye mji wetu wa zamani, ndani kabisa, mbali na barabara ya lami. Familia ilihama huko kabla sijazaliwa, udongo ulipochoka, ikasogea Tezo. Kigango cha babu kilibaki. Na hapa lazima nieleze taratibu, kwa sababu ndipo ubaya wote ulipoingilia. Kigango hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe hubaki pale kiliposimamishwa. Hakifagiliwi, hakipakwi rangi upya, hakijengewi kibanda. Kinaachwa na mvua na jua mpaka kiishe chenyewe, na watu hawakisogelei ila wakiwa na haja. Kukiacha ndiko kukiheshimu. Mgeni anayepita njia anaona nguzo kuukuu katikati ya magugu, anasema imetupwa.

Tulikuta shimo. Udongo wa pembeni ulikuwa umeporomoka na majani yameanza kuota ndani, kwa hiyo halikuwa la jana wala la juzi. Heshima yetu ilikuwa kubwa hivi kwamba hatukujua hata ni msimu gani babu aliondolewa.

Shangazi alikaa chini. Hakulia. Aliingiza mkono shimoni akapapasa kama mtu aliyedondosha kitu. "Wamemng'oa kama muhogo," alisema.

Tangu siku hiyo tasnifu ilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa kumrudisha.

Kumpata hakukuwa kazi. Wakati ule Watamu ilikuwa imejaa hoteli, na karibu na hoteli maduka ya vinyago, na kila mtu Matsangoni mpaka Malindi alijua kwamba vigango vinanunuliwa. Duka la tatu tuliloingia, alikuwa amesimama nyuma ya twiga wa mbao, kati ya ngoma mbili za kuuzia watalii. Tulimjua kwa ubavu wake wa kushoto. Mti ulikuwa na kifundo pale, na mchongaji hakutaka kuupasua, akaikatisha safu ya pembetatu na kukizunguka. Watu wa kwetu walipaita mahali pale kovu la mzee.

Shangazi alivua ndara mlangoni. Akatembea hadi mbele ya kigango, akainamisha kichwa. "Baba," alisema. "Ndiko ulikoletwa huku?"

Mzungu mmoja mwanamke, mwenye kofia ya ukili, alitabasamu akampiga picha.

Mwenye duka alikuja akipangusa mikono. "Karibuni, mama. Kutazama ni bure."

"Huyu ni baba yangu," shangazi alisema.

"Ala! Na yule twiga ni mjomba?"

"Mwanangu, nakwambia kwa adabu. Huyu ni baba yangu mzazi. Ameibwa."

"Mama, kama ni baba yako, mbona alihama asikuage?" Vijana wawili waliokuwa wakipiga vinyago rangi ya viatu walicheka. Akaona nimefungua daftari langu la kuchorea, akanigeukia mimi kwa sauti nyingine. "Sikiliza, dada. Mimi si mwizi. Nimeuziwa. Nina karatasi, na aliyeniuzia ametia kidole. Nyinyi mna nini?"

Nikasema tuna kijiji kizima.

"Kijiji hakiingii kwenye droo," alijibu. Kisha akatazama michoro yangu na uso ukamchangamka. "Kumbe umesomea mambo haya! Basi niandikie maelezo mafupi, kwa Kiingereza kizuri. Kina maana gani, kina umri gani. Wateja wangu hupenda kujua. Mimi kila siku nawaambia ni mungu wa mvua, na sina hakika."

Nilimwambia asithubutu. Akainua mabega akaenda kumhudumia yule mwanamke wa kofia.

Baba alikuwa mtu wa kanisa, na kwa miaka mingi hakutaka kusikia habari za vigango. Lakini jioni ile tulipomweleza, alivaa koti lake, kesho yake akaenda kwa chifu. Chifu alimsikiliza, akamwitia chai, akamwuliza kama kulikuwa na ua kuzunguka kile kitu, au mlinzi, au hati. Baba akasema hapana, desturi haitaki. Chifu akasema kitu kilichoachwa msituni bila ua ni vigumu kukiita mali iliyoibwa. Baba alirudi akalivua koti. Nilichora ubavu wa kushoto wa kigango kwa kumbukumbu, kifundo na safu iliyokatika, nikaupeleka mchoro ule kituo cha polisi. Askari aliusifu. Aliniambia nina mkono mzuri, kisha akanirudishia.

Lilikuwa limebaki tumaini moja, nalo lilikuwa chuo. Nilirudi Nairobi nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mhadhiri wangu. Nilimwomba barua tu, ya idara, iseme kwamba vigango si mapambo ya kutupwa, vina wenyewe, na mwanafunzi wetu amekitambua hiki kwa alama fulani. Nilimweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Idara haiwezi kuingia katika madai," alisema. "Sisi tunakisoma kitu kilivyo. Mwenyewe ni nani, hilo ni la mahakama."

"Lakini ulitufundisha mlolongo wa umiliki."

"Ndiyo. Na mlolongo huo unatakiwa uthibitishwe."

"Wa kwetu unaanza na babu yangu."

"Kwa maandishi, unaanza na yule aliyemwuzia mwenye duka." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Na tuseme ukweli. Kule porini kingeliwa na mchwa. Anayekinunua atakitunza."

Nimefundisha miaka mingi tangu wakati ule, na bado sijapata njia ya kulieleza jambo hili bila uchungu. Elimu niliyoipenda, iliyonifundisha kuuliza kila kitu kimetoka wapi, ilikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyetutajia darasani: historia ya kitu huanza pale karatasi ya kwanza inapoandikwa. Karatasi ya kwanza juu ya babu yangu iliandikwa na mwizi wake. Vyote vilivyotangulia, msitu alikokatwa, siku aliyosimamishwa, watoto waliopewa jina lake, vilihesabiwa kuwa hadithi.

Niliporudi Watamu likizo iliyofuata, nyuma ya twiga palikuwa patupu.

"Kimesafiri," mwenye duka aliniambia. Hakuwa na kejeli siku ile. Aliniletea hata kigoda.

"Wapi?"

"Ulaya, Amerika, sijui. Aliyekinunua hakusema. Alisema amekipenda."

Niliandika tasnifu. Niliandika kila nilichokijua, pamoja na jina la mchongaji na jina la babu. Nilipita, si vizuri sana. Mtahini alieleza kwamba kazi ina uhai lakini inategemea mno maneno ya jamaa za mwandishi, na kwamba kitu chenyewe hakipo ili kikaguliwe.

Nilileta shahada nyumbani. Baba aliitazama mbele na nyuma akaiweka chini ya godoro, mahali pa vitu vizuri. Shangazi hakuitazama. Alikuwa amekonda. Babu alikuwa akimjia ndotoni, na alichosema kilikuwa kilekile kila mara: kwamba yuko kwa watu asiojua lugha yao.

"Wewe uliyesoma," aliniuliza, "atakuwa wapi sasa?"

Nikamweleza, maana kueleza ndiyo kazi yangu. Nilimwambia huenda yuko kwenye nyumba ya mtu tajiri, sebuleni, amesimamishwa juu ya kipande cha jiwe, taa inamulika kutoka chini. Wageni wakija wanaonyeshwa.

"Anamwagiwa tembo la mnazi?"

"Hapana, shangazi."

"Wala unga?"

"Wala unga."

Wazee wa gohu walibishana muda mrefu. Mtu hasimamishiwi kigango mara mbili, wengine walisema. Wengine wakasema hakuna aliyewahi kuibwa zamani, kwa hiyo hakuna sheria yake. Mwishowe wakakubali, kwa ajili ya ndoto za shangazi. Mchongaji aliletwa, mzee sasa, na gogo la muhuhu likalazwa uani kwetu. Alikuwa ameshaanza kuchora umbo na pembetatu kwa mkaa, shangazi akamzuia.

"Ngoja kwanza." Akaniita. "Njoo. Wewe ndiye umesomea. Tuambie, wale watu wanapenda nini?"

Sikuelewa.

"Wanaponunua. Wanapenda nini hasa? Tukiondoe."

Kila mtu aligeuka kunitazama, wazee wote, na baba pia. Walikuwa wananipa heshima. Nikaanza kusema. Nilisema wanapenda kichwa kiwe duara kamili. Wanapenda shingo nyembamba. Wanapenda pembetatu zijipange, na rangi nyekundu na nyeupe ionekane kidogo imefifia. Wanapenda pande mbili zilingane, halafu kitu kimoja kisilingane, kama kovu la mzee. Nilieleza vizuri. Nadhani sijawahi kutoa mhadhara mzuri kuliko ule.

Na kila nilichokitaja, mchongaji alikifuta kwa kiganja. Alipochonga, kichwa kikawa kama kisigino. Shingo haikuwapo. Alipomaliza, alilitupa tezo lake la kuchongea chini.

"Nimechonga tangu sijaota ndevu," alisema, "sijawahi kufanya kitu kibaya hivi kwa makusudi. Msimwambie mtu ni mimi."

"Hatutamwambia," shangazi alimjibu.

Tulikisimamisha nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi, watu wasikitofautishe na nguzo ya uzio. Shangazi alimwaga tembo akaomba radhi. Alimwambia baba yake kwamba anajua hakifanani naye, na kwamba ndivyo atakavyokaa salama. Ndoto zilikoma, au aliacha kunisimulia.

Wanafunzi wangu huniuliza kama wasomee historia ya sanaa. Huwaambia wasome, na wasome kwa bidii, kwa sababu bado ni wachache tunaojua maswali ya kuuliza. Nasema hivyo kwa moyo mmoja. Kisha narudi nyumbani Tezo, nakipita kigango kile nikienda kuwafungulia mbuzi. Mara nyingine huwakuta wamekiegemea wakijikuna. Watalii wamepita pale, hata wafanyabiashara wa vinyago wamepita. Hakuna aliyekitazama mara mbili.