Mashine Isiyo na Mpira

Shangazi yangu aliuza mashine ya michezo ya video ambayo hakuna aliyeitaka. Pale dukani tuliiita nyeupe. Picha zake zilikuwa safi, pedi zake za kuchezea zilitulia mkononi, ila ilikuwa na kasoro moja: haikuwa na mchezo wa mpira wa miguu. Ng'ambo ya barabara, jirani tuliyemwita Goli aliuza mashine nyeusi yenye mpira, na duka lake lilifurika tangu asubuhi. Kampuni iliyotengeneza nyeupe ilikuwa imeshakata tamaa. Michezo mipya haikuja tena.

Lakini ile michache iliyokuja, jamani! Kulikuwa na mchezo wa wapishi wanaogombea jiko moja, wa kujenga madaraja, na Mbio za Mapipa, ambamo watu wawili hubiringika mlimani ndani ya mapipa huku wakisukumana. Shangazi aliicheza yote peke yake kabla hatujafungua duka, na aliijua kama kiganja cha mkono wake.

Shida ilikuwa adabu yake ya biashara. Kwake yeye, mteja hashindwi. Mtu akijaribu Mbio za Mapipa, Shangazi alijiangusha makusudi kwenye kilima cha kwanza, akapiga makofi: "Hongera, baba!" Mchezo ukaishia hapo. Mteja alirudisha pedi akiuliza, "Ndiyo hivyo tu?" kisha huyo, akavuka barabara. Shangazi alibaki akiueleza mgongo wa mteja kwamba mbele kwenye mchezo kuna soko zima chini ya maji.

Baba yangu, mwenye duka hilo la vifaa vya umeme, alichoka.

"Mdogo wangu, Jumamosi jioni mashine hizi zinarudi kwa aliyetuletea. Nataka rafu niweke pasi za umeme. Na wewe utahamia kwenye kuuza hizo."

"Kaka, pasi?" alisema Shangazi.

Jumamosi mchana Goli akaja kututania. Akachukua pedi mbele ya wateja. "Hebu nikione hicho kitoto chako kabla hakijazikwa."

Shangazi akachukua pedi ya pili. Kisha akavua viatu.

Safari hii hakujiangusha. Kilima cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, halafu kioo kizima cha televisheni kikageuka bluu: mapipa yakatumbukia sokoni, samaki wakinadi bidhaa, meza za matikiti zikiruka huku na huku! Mama mmoja aliyefuata balbu alipiga ukelele. Mimi niliacha kaunta ya betri wazi, na sijutii hata kidogo. Watu wakaingia kutoka barabarani, wengine kutoka kwa Goli mwenyewe.

"Kulia, Goli, kulia!"

"Shangazi, msukume!"

Shangazi akamsukuma. Pipa la Goli likaingia moja kwa moja mdomoni mwa pweza, na duka zima likalipuka kwa kelele.

"Rudia," alisema Goli, jasho likimtoka. Akashindwa. "Rudia!" Akashindwa tena, na nyuma yake foleni ikaanza.

Baba akatokea stoo amekumbatia maboksi ya pasi. "Mdogo wangu, mwachie basi, si mgeni wetu?"

"Simwachii mtu leo! Akitaka kushinda, akafanye mazoezi kwake."

Goli aliitazama pedi. Akawatazama wateja wake waliojazana kwetu, kisha barabara ambayo angelazimika kuivuka na boksi la mashine nyeupe mchana kweupe.

"Haya," akasema, "nifungie moja."