Mama Hitilafu na Vipimajoto vya Chanjo

Shangazi yangu, dada yake baba, alifanya kazi miaka ishirini na sita katika karakana ya kukagua vipimajoto vya friji za chanjo, na pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Hitilafu. Nilijiunga naye nikiwa na miaka kumi na tisa, kazi yangu kupiga vyeti kwa taipureta. Mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kulehemu, naiona meza yetu ya dirishani na chupa yake ya chai iliyokatika mkono.

Mashine kubwa pale ilikuwa mita ya kijivu ya kupimia vipimajoto vyote, iliyoungwa na kompyuta kwa waya mnene kama kidole gumba. Mita ile ikipatwa na jambo ilikuwa haipigi kelele. Iliandika kimya kimya ndani, mahali panapoitwa rejista ya hali, na ukiiuliza ilikujibu kwa namba tupu. Sisi wengine tulikimbilia kitabu. Shangazi alikunja uso kidogo tu.

“Thelathini na sita,” angesema. “Hiyo ni thelathini na mbili, na nne. Nne maana yake kuna hitilafu zimepanga foleni. Thelathini na mbili, kuna tukio limeandikwa. Haya, tuziite.”

Aliziita moja moja mpaka mita ijibu kwamba hakuna tena. “Usiridhike na jibu la kwanza, mwanangu. Uliza mpaka ziishe.”

Asubuhi moja kompyuta ilikuwa imepelekwa kwa fundi, kwa hiyo shangazi aliiwasha mita peke yake. Taa ndogo nyekundu ya hitilafu ikawaka, na haikuzimika.

“Hii imeanza lini?” aliuliza, kama anayemuuliza mgonjwa.

Alibonyeza vitufe vya mbele. Mita ikajibu kwamba kumbukumbu ya urekebishaji imepotea. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na kila ilipowashwa mita ilianza na tarakimu za kiwandani badala ya zile tulizoirekebishia sisi. Vipimo vyake vilikuwa vimeteleza.

“Mbona kompyuta haikutuambia?” niliuliza.

Akatoa kwenye droo karatasi za programu ya kompyuta, akashuka nazo kwa kidole. Hakwenda mbali. Mstari wa kwanza kabisa uliiamuru mita ifute kila hitilafu, kabla haijaulizwa chochote. Shangazi akavua miwani.

“Huu niliuandika mimi.”

Aliuandika miaka miwili nyuma, wiki ambayo baba yangu alikuwa amelazwa. Waya ulikuwa umelegea, mita ikawa inalalamika kila dakika na kusimamisha kazi, naye alitaka kuwahi saa ya kuona wagonjwa. Akainyamazisha kwa mstari ule, akaondoka, akisema kesho yake atakaza waya na kuufuta mstari. Baba hakutoka hospitali ile. Mstari ukabaki.

Nikapunguza sauti. “Shangazi, tubadilishe betri tu. Nani atajua?”

“Mtoto atakayechomwa chanjo iliyoharibika hatajua, hilo ni kweli,” alisema, na tayari alikuwa amesimama.

Mkuu wetu tulimwita Kalamu Tatu, kwa sababu ya mfuko wa shati lake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Vimetoka vipimajoto vingapi tangu tulipoirekebisha mara ya mwisho?”

“Mia nne na kumi na mbili.”

“Na mstari huo ni wa nani?”

“Wangu, mkuu. Peke yangu.”

Kalamu Tatu aliinamisha kichwa, akavuta simu. Siku tisa tulizipigia zahanati, vipimajoto vikarudi kwenye makasha, tukavikagua upya kwa mkono katika maji ya barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Kumi na tisa vilikuwa vibovu. Zahanati moja ililazimika kumwaga chanjo za friji nzima kabla hazijatumika. Siku ile shangazi hakugusa chakula.

Hakufukuzwa, lakini alizuiwa kuandika programu kwa mwaka mzima. Aliketishwa pembeni yangu kugonga mihuri kwenye vyeti, yeye aliyewafundisha nusu ya mafundi wa karakana ile. Nilidhani atanuna. Akaleta mto wake wa kukalia, akaanza kazi.

Sijui kama ni halali kuupenda mwaka uliokuwa adhabu ya mwenzio, lakini huo ndio ninaoukumbuka kuliko yote. Sasa amestaafu, karakana imehama, na meza ile sijui iko wapi. Mwaka ule tuligonga mihuri huku akinifundisha kusoma namba za mita kichwani, na huku akinipa habari za baba ambazo mama hakuzijua. Mchana mmoja, mvua ikipiga bati, alinisimulia jinsi wao wawili walivyoifungua redio ya babu wakiwa wadogo, wakashindwa kuifunga, wakazitia skrubu zilizobaki ndani ya soksi na kuificha redio chini ya kitanda wiki nzima.

“Babu alipoulizia, baba yako akasema redio imelala!”

Tulicheka mpaka Kalamu Tatu akafungua mlango wake, akatutazama, akaufunga tena taratibu.