Muziki wa Ami

Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu. Alijifunza kusikiliza utotoni, kwenye matari ya maulidi hapa Lamu, kisha akasoma ng'ambo. Kwa miaka mingi kila mtengenezaji filamu aliyetaka kazi yake ikumbukwe alimtafuta yeye. Alirudi nyumbani uzeeni, masikio yamekwisha kufa. Mimi nilimpikia, na nikitaka kumwambia jambo nilimwandikia kwenye simu kwa herufi kubwa.

Mwaka jana walikuja vijana wapenzi wa filamu wakataka kumtunuku. Wangeonyesha ukumbini ile filamu yake iliyopendwa kuliko zote. Muziki wake niliujua tangu udogoni. Ami alikwenda Matondoni akarekodi mafundi wakigongomeza pamba kwa nyundo kwenye mianya ya mbao za jahazi, na juu ya milio ile akaweka fidla moja tu.

Alasiri hiyo alivaa kanzu mpya na kofia ya viua. Tuliketi mbele, naye akaweka kiganja juu ya spika apate mtetemo. Picha ikaanza: mama anafunga mlango wa nyumba aliyoiuza. Nikangoja zile nyundo. Zikaja ngoma na kinanda cha kompyuta.

Nilimfuata kijana aliyesimamia mitambo. "Huu si muziki wa filamu hii."

"Ule wa zamani uliharibika, Bi," alinijibu kwa adabu. "Tulipata picha peke yake. Tukamwomba mwenzetu atie mwingine. Tuliona ni afadhali kuliko kimya."

Niliporudi kitini, Ami alikuwa anaimba ule wimbo wa fidla yake, akiufuata kwa picha, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Nyuma watu walicheka. Mama mmoja akaniinamia.

"Bi, mwambie anyamaze kidogo. Hatuusikii muziki wake."

Nilimwekea mkono gotini. Akadhani nimeguswa na filamu. Akaupapasa mkono wangu na kuendelea kuimba.

Walimvika joho, wakapiga naye picha. Tulipokuwa ndiani kurudi nyumbani akasema taratibu, "Wameuondoa wangu."

Nikasimama.

"Sikutia ngoma pale. Mkono umenambia."

Nilitoa simu, nikaandika na kufuta, nikaandika tena: *Wako uliharibika.* Alisoma, akanirudishia.

"Wewe waukumbuka?"

Nikaitika kwa kichwa. Tulipofika nyumbani aliniwekea vidole kooni, akaniambia niimbe. Mwanzo niliupata. Katikati ukanipotea. Nikaanza upya, ukanipotea palepale. Ndipo akataka kunifunza mwenyewe, lakini sauti yake, kwa miaka ya kutojisikia, ilikuwa haipandi wala haishuki. Ulitoka mvumo mmoja, mrefu. Mato yake yalining'ang'ania kuona kama nimeushika. Wimbo ulikuwa mzima ndani yake, na sikuwa na njia ya kuutoa.

Kanda zake za zamani za muziki ule nilizipeleka Mombasa kwa fundi. Alipojaribu kuzikunjua, zilimvunjikia vidoleni kama majani makavu. Nyumbani tuliendelea kujaribu, mimi nikimrekodi kwa simu. Nikizisikiliza rekodi zile, zote ni ule mvumo. Mwishowe Ami aliacha kuniita. Alikaa barazani akigonga goti kwa kidole, na nikimtazama huacha.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Siku ya khitima wale vijana walikuja na mkono wa pole, wakaniomba picha yake ya ujanani. Nikawapa. Mmoja wao, binti mpole, alinambia kwamba muziki wa filamu ile humliza kila akiusikia, hasa zile ngoma za mwanzo.

Nilimtazama. Alikuwa na machozi ya kweli. Nikamkaribisha kahawa.