Foleni Niliyowatengenezea Wazee

Nikiri mapema: programu niliyomwandikia shangazi yangu ilifanya kazi vizuri kabisa mpaka nilipoanza kuiboresha.

Shangazi ana mashine ya kukamua alizeti hapa Manyoni. Mtu analeta magunia, anaandikishwa, anarudi kwake, na mafuta yakiwa tayari anaitwa. Zamani shangazi aliwapigia simu mmoja mmoja, na kwa kuwa kila simu ilianza na habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, mtu wa tano alipigiwa kesho yake. Mimi nilikuwa nimejifunza kuandika programu peke yangu, kwa kompyuta ya mtumba, nikajitolea kumsaidia. Yeye abonyeze tu "tayari", mteja apate ujumbe.

Alikubali kwa sharti. "Mpaka Jumamosi. Akinilalamikia mteja hata mmoja, narudi kwenye simu yangu, na wewe urudi kwenye kulala mchana."

Silali mchana. Huwa nafumba macho nikihesabu makosa yanayoweza kutokea.

Ujumbe wenyewe hautoki papo hapo. Unaingia kwanza kwenye foleni, na kuna kipande cha programu, sisi tunakiita mfanyakazi, kinachochukua wa mbele, kinautuma, kisha kinaufuata wa nyuma yake. Ukishaweka mfumo kwenye kompyuta unapewa foleni moja ya kawaida hata bila kuiomba. Wengi wanaitumia miaka na miaka na wana furaha zao. Mimi niliitazama siku mbili nikaona haina adabu.

Kilichonisumbua ni shikamoo. Ujumbe ulisema: "Mafuta yako yameshakamuliwa. Karibu uyachukue." Sasa bibi mwenye wajukuu nitamtumiaje hivyo, bila salamu, kana kwamba nafukuza mbuzi? Na asubiri nyuma ya kijana wa bodaboda? Nikatengeneza foleni maalumu, nikaiita "wazee". Ujumbe wao ungeanza na shikamoo, tena ungetangulia mbele ya vijana wote. Kwenye fomu ya kuandikisha nikaweka kisanduku cha kutia alama kama mteja ni mzee.

"Huyu simtii alama," shangazi alisema siku ya kwanza, mteja akiwa bado amesimama pale.

"Kwa nini, shangazi?"

"Tumesoma naye darasa moja. Unataka kuniambia nini?"

Nilijaribu mfumo mara arobaini kwa namba yangu mwenyewe. Ujumbe ulifika mara zote arobaini. Nikajiona mtu mzima.

Ijumaa asubuhi akaja bibi mmoja kutoka Kintinku, ameshika dumu tupu, kaletwa na jirani yake wa bodaboda.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Mafuta yangu bado tu?"

Yalikuwa tayari tangu Jumanne.

"Mimi nilileta alizeti baada yake," yule jirani akasema, "nikaitwa siku ileile. Nikamwambia bibi, twende tu, labda wamekusahau."

Shangazi akanigeukia taratibu. "Nilibonyeza 'tayari'. Kimya. Nikabonyeza tena. Mara ya tatu nilibonyeza kwa hasira."

Nikafungua kompyuta. Kwenye foleni ya wazee ujumbe ulikuwa umejipanga vizuri, kila mmoja na shikamoo yake, tangu Jumatatu. Hakuna uliotoka. Mfanyakazi usipomtajia foleni ya kusikiliza, anasikiliza ile ya kawaida peke yake, na mimi sikumtajia. Nilikuwa nimewajengea wazee sebule, nikasahau kuweka mtu wa kuwafungulia mlango. Na yale majaribio arobaini? Namba ilikuwa yangu. Mimi si mzee.

Nikamwanzisha mfanyakazi upya, safari hii nikamtajia foleni zote mbili. Simu ya bibi ikalia ndani ya fundo la khanga. Akampa jirani yake amsomee.

"Shikamoo. Mafuta yako yameshakamuliwa. Karibu uyachukue."

"Marahaba," bibi akaitikia.

Ikalia tena. "Shikamoo. Mafuta yako yameshakamuliwa..."

"Marahaba."

Ikalia ya tatu. Bibi akaisogelea ile simu. "Marahaba, mwanangu, nimesikia, inatosha!"

Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa natafuta pa kuingia. Kesho ilikuwa Jumamosi, na mlalamikaji alikuwa amesimama mbele yangu na dumu lake.

"Bibi," shangazi akamuuliza, "una malalamiko? Sema tu, hapa kuna mtu anasubiri hukumu."

Bibi akanitazama, nadhani akaona jasho. "Wajukuu zangu mwezi mzima hawajanisalimia mara tatu. Nimlalamikie huyu? Ila mwambie siku nyingine nianze kupata mafuta, salamu zifuate."

Shangazi akamjazia dumu lake, kisha akanihukumu bila kugeuka. "Programu ibaki. Hiyo foleni ya heshima uifute kabla sijala mchana. Aliyetangulia kuleta ndiye atangulie kuitwa."

"Na shikamoo, shangazi?"

"Wape wote."

"Hata vijana?"

"Kwani itawaua?"

Nikafuta foleni ya wazee na kisanduku chake, nikabaki na ile ya kawaida niliyopewa bure mwanzoni. Haijakwama tangu hapo. Juma lililofuata yule jirani wa bibi alileta gunia lingine, akapata ujumbe wake, akaja kulichukua dumu. Nilikuwa mlangoni. Hata pikipiki hakuizima.

"Marahaba, mwanangu!" akanipigia kelele. "Hawajambo nyumbani?"

Ananizidi miezi mitatu tu. Programu inaniwasha kila siku niiboreshe, na sijaigusa.