Nilihamisha Kipimo cha Mto, Rafiki Yangu Akafukuzwa

Mimi ndiye niliyeharibu. Sikutumwa na mtu, wala sikuwa nimelewa. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, mnivumilie, ila hili lazima linitoke.

Huku kwetu, karibu na Sumbawanga mjini, tuna kundi la kupima mto. Tumo wakulima, wafugaji, na Mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Mbeya, ndiye anayetuongoza. Mtoni kuna kifaa kidogo kinachopima kina cha maji chenyewe na kutuma namba kwenye simu zetu. Namba hazifichwi, mtu yeyote anaziona. Tulikubaliana kwamba kina kikishuka chini ya alama, wenye mashamba ya juu wanafunga mfereji wao ili wa chini nao wapate maji.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha kifaa kila Jumamosi. Niliipenda kwa sababu haikutaka maneno. Mimi mbele za watu ulimi unakufa.

Baridi ya Ufipa mwezi wa saba mnaijua. Kuingia mtoni asubuhi ni kama kukatwa miguu! Nikaona uvivu. Nikakifungua kifaa, nikakifunga kwenye dimbwi chini ya daraja la miti, ambako ningekivuta kwa kamba nikiwa nimesimama pakavu. Pale maji yana kina zaidi. Nilijua! Kwenye daftari nikaandika "kimesafishwa", basi.

Namba zikapanda. Kundi likafurahi, "Mwaka huu maji yapo!" Mfereji wa juu haukufungwa hata siku moja. Huko chini, kabichi za Mama Sesi zikakauka zikiwa bado ndogo kama ngumi ya mtoto.

Mkutano ukaitwa. Mama Sesi akasimama na kabichi moja mkononi. "Namba zinasema maji yapo. Yanaishia wapi?"

Macho yakamgeukia Masanja. Ng'ombe wa kwao walikuwa wakinywa kati ya kifaa na mashamba ya chini. Masanja huyo ndiye aliyenifundisha kutumia simu kwenye kundi, na hakuwahi kunicheka.

"Twendeni mtoni tukaangalie," akasema. "Si mbali."

"Tukaangalie nini, mshikaji, na namba hizi hapa?" kijana mmoja akamjibu. "Ng'ombe wenu wakimaliza maji watakunywa na namba!"

Watu wakacheka. Hakuna aliyenyanyuka! Mto uko hatua chache, watu wazima wamekodolea simu. Bado nakasirika nikikumbuka, lakini nimkasirikie nani? Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nachimba udongo kwa kidole cha mguu.

Masanja akanitazama. "Wewe ndiye unayekisafisha. Waambie kikoje."

"Kiko sawa," nikasema.

Maneno mawili! Miaka yote naogopa kusema, na siku nilipofungua mdomo nikatoa hayo.

Wakamtoa kwenye kundi. Baba yake akakatazwa kunywesha ng'ombe pale. Kabla mwezi haujaisha, familia nzima ikahamia upande wa Muze.

Nikakirudisha kifaa mahali pake kimyakimya. Namba zikaporomoka kwa siku moja, Mwalimu akaanza kuuliza maswali. Nikampigia Masanja kwanza, nikamweleza yote.

"Mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Nilijua tangu mwanzo si ng'ombe wetu. Waambie wao." Akakata.

Ilinichukua asubuhi nzima kuandika mistari minne kwenye kundi. Mwalimu hakunitukana. Aliweka alama nyekundu kwenye namba zote za siku zile, wazi kwa kila mtu, kwamba zisitumike kwa sababu kifaa kilihamishwa. Wengine wakajitoa wakisema namba zetu zote ni uongo mtupu. Kazi ya watu wengi hivyo, jamani!

Mama Sesi alinifuata nyumbani. "Shikamoo, mama," nikasema. Hakuitikia.

"Kabichi nitapanda nyingine," akasema. "Lakini yule kijana wa watu nilimwita mwizi mbele ya mama yake. Hilo nalipandaje?"

Ninyi mnaopima mito, mvua au visima, ukikisogeza kifaa hata kidogo, sema siku hiyohiyo. Ukishindwa kusema, andika. Aibu yangu ingekuwa ya dakika mbili tu! Na ninyi mnaosoma namba, mtu akisema twendeni tukaangalie, nyanyukeni.

Masanja mpaka leo hapokei simu yangu.