Viti Viwili kwa Mstari

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, hapa mtaani Saint-Gilles, huja dukani kwangu kila Jumamosi kutumia intaneti. Huvua glavu moja tu, kisha hubonyeza herufi kwa kidole kimoja. Kwenye jukwaa moja humo, mashabiki wa bustani ya burudani hubishana kuhusu treni mpya ya kupinduka angani inayojengwa huko: urefu wake, kasi yake, rangi ya vyuma walivyovipiga picha kupitia uzio. Yeye huuliza tu viti vitakuwa vingapi kwa mstari. Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, mzee mzima. Leo wamemjibu: viwili viwili, kama treni ya zamani aliyokuwa akipanda na marehemu mkewe. Akavaa glavu yake polepole.

"Bon," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, "nilikuwa nawaza mara hii bataweka kiti ya muntu moya."